Mkono wa Mama Panya

Kazini walimwita Mama Panya, na aliyedhani jina hilo litamuudhi alipoteza muda wake. Aliliitikia bila kinyongo. Panya, alisema, walimlisha miaka mingi kuliko marehemu mumewe, na hawakurudi nyumbani wamelewa hata siku moja. Tena tusichanganye mambo: panya wa maabara si wale wa darini wanaoguguna sabuni na kutimua mbio ukiwasha taa. Hawa ni weupe pe, macho mekundu, wamezaliwa kizimbani na hawajui mvua ni kitu gani. Ukimpa mmoja kidole anakishika kwa vidole vyake vyote, anakunusa, halafu anaamua mwenyewe kama akuume au akusamehe. Mama Panya alisamehewa tangu siku ya kwanza.

Chumba chao kilikuwa mwisho wa korido, hakina dirisha. Huingii na viatu vyako, huingii na nguo zako za nje, na manukato ni marufuku kabisa, kwa sababu panya ana pua kali na harufu ngeni inamtia wasiwasi. Kwa hiyo Mama Panya alioga sabuni isiyonukia mwaka nenda mwaka rudi, na hata akienda harusini alinukia maji matupu. Shoga zake walimtania kwamba mwanamume atakayemtaka itabidi awe na mafua ya kudumu. Alicheka nao, kisha kesho yake akarudi kwa wanawe wenye mikia.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupima presha. Ndiyo, panya ana presha, na hupimwa kama mimi na wewe, ila badala ya mkono hutumika mkia. Unamwingiza panya kwenye mrija wa plastiki, unamvalisha kipete cha mpira mkiani, mashine inakijaza upepo na kuutoa, na namba inatokea kwenye kioo. Kusema ni rahisi. Shughuli ni kumfanya panya atulie, maana panya mwenye hofu presha yake inapaa na namba yote inakuwa ya uongo. Hapo ndipo Mama Panya alipokuwa na kazi. Alimbeba panya kifuani, akamkuna nyuma ya masikio, akamsimulia taratibu habari za mtaani, nani kaachika na nani kajenga ukuta hadi katikati ya njia, mpaka mwili wote ukalegea. Ndipo alipomtia mrijani. Daktari wa utafiti, bosi wake, alizoea kusema kwamba mashine ile bila mkono ule ni pambo la mezani.

Daktari huyo alikuwa mtu mpole, miwani yake imegandishwa kwa gundi upande mmoja, na maisha yake yote aliyatia kwenye ugonjwa mmoja: presha ya mimba, ile ambayo ikimzidi mama humtupa chini kwa kifafa. Panya kwa asili hawaugui ugonjwa huo, kwa hiyo ilibidi watiwe ugonjwa kwa makusudi. Panya mwenye mimba alilazwa usingizi, akabanwa kwa kibanio kidogo mshipa unaopeleka damu kwenye kizazi, akashonwa. Baada ya hapo presha yake ilipanda, figo zikaanza kuvujisha protini kwenye mkojo, na watoto tumboni wakadumaa. Kisha akapewa dawa inayojaribiwa, ikaangaliwa kama inamfaa. Mwisho wa yote aliuawa, kondo na figo zikapelekwa kwenye hadubini. Siku hiyo ya mwisho Mama Panya hakuizoea kamwe. Aliwaaga mmoja mmoja na kuwaomba radhi kwa sauti, na mtu asiyependa kusikia aliujua mlango ulipo.

Alikuwa na sababu zake za kuvumilia. Kifungua mimba wake, binti mrefu mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, aliuawa na ugonjwa huohuo. Siku hizo panya wa maabara walikuwa wa ugonjwa wa sukari, daktari wa miwani hajaja bado, na habari za presha ya mimba Mama Panya alizisikia juu juu tu kama watu wengine. Mimba ilikuwa kubwa, miguu ya binti ikavimba, na mama mtu akamnunulia ndala kubwa zaidi. Alidhani ni joto. Binti akalalamika kichwa, akasema anaona vimulimuli machoni, akaambiwa ajilaze kidogo. Aliamka na degedege. Hospitalini walimfikisha akipumua tu, basi, na kabla jua halijatua alikuwa amezima pamoja na mtoto wake. Maumivu hayo sitayapamba, hayapambiki. Daktari alipokuja na utafiti wake, Mama Panya alimwendea mwenyewe akamwomba ampe kazi hiyo na si nyingine.

Alibaki na kitinda mimba, naye binti, mshonaji wa sare za shule. Huyu aliolewa na dereva wa malori ya safari ndefu, nyumba ikatulia, lakini neno la mtoto hakutaka hata lisikike. "Mama, mimi nilimwona dada," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Mama mkwe akaguna weee mpaka akachoka, majirani wakamtazama tumbo kila alipopita. Mama Panya hakumlaumu hata kidogo. Ila akiona mtoto wa watu amebebwa mgongoni, roho ilimuuma kimyakimya.

Ndipo ikaja dawa moja ya unga, rangi ya chungwa. Daktari aliipanga kazi kwa uangalifu wake wote. Nusu ya panya walipewa dawa kwenye maji ya kunywa na nusu maji matupu, na vizimba vikabandikwa herufi tu ili mpimaji asijue nani kapewa nini. Chupa za maji zilifungwa karatasi nyeusi ili rangi isionekane. Masikini, alifikiria kila kitu isipokuwa jambo moja. Mpimaji ndiye huyohuyo aliyebadilisha maranda ya mbao yaliyotandikwa vizimbani, na panya waliokunywa dawa walikojoa manjano iliyokolea kuliko wenzao.

Mama Panya aliyaona maranda yale mapema kabisa. Hakuona kuna la kuripoti. Mkojo ni mkojo, na yeye alishafagia wa kila aina. Lakini alijua. Na kwa kuwa alijua, kila alipofungua kizimba chenye manjano moyo ulimdunda, akamtoa panya yule kama anayebeba yai, na midomo ikaanza kumcheza yenyewe: shuka, mama, shuka, shuka. Na namba ikashuka. Wale wengine presha zao zilibaki kulekule juu. Daktari alipokusanya namba zote alimwita ofisini, akamwonyesha mistari miwili kwenye kompyuta, mmoja umepaa na mmoja umeinama, akacheka kwa sauti. Mama Panya hakuwahi kumwona akicheka hivyo.

"Tunarudia jaribio zima kwanza," daktari akamwonya. "Usiitangaze, mama."

Asiitangaze! Alipotoka kazini hakupita hata kwake. Alimkuta kitinda mimba yuko kwenye cherehani, akalishika gurudumu kwa mkono wake mwenyewe mpaka likasimama.

"Dawa imepatikana."

"Dawa ya nini, Mama?"

"Ya kile kilichomuua dada yako. Panya wanashuka, mwanangu. Nimewapima mimi, kwa mkono huu huu."

"Kwani panya na watu ni kitu kimoja?"

"Si kimoja, lakini ndiko kunakoanzia. Wewe zaa. Mpaka ufike huko, dawa itakuwa imeshafika hospitali."

Hapo alitia chumvi, na alijua anatia. Kutoka kwenye mkia wa panya mpaka kwenye kabati la dawa la hospitali ni safari ya miaka, na daktari aliwaambia hivyo kila mara mpaka wakakariri. Lakini neno lilishamtoka. Binti akaliachia gurudumu lizunguke, akaendelea kushona kola. Haikupita muda mrefu akaja kwa mama yake asubuhi moja, akaketi ukingoni mwa kitanda, akajishika tumbo.

"Nimekuamini, Mama," akasema.

Mama Panya alilia kwa furaha mpaka kilemba kikamdondoka.

Mimba changa ilimtesa binti kwa kutapika, kwa hiyo mama akachukua likizo ili amuuguze. Marudio ya jaribio yalikuwa katikati. Nafasi yake aliikaimu Bwana Sungura, mtunza sungura wa chumba cha pili, mtu mwema sana mwenye sauti ya kipaza sauti na mikono ya kufungulia mitungi ya gesi. Mama Panya aliporudi alimkuta daktari amenuna. Katika siku zote za Bwana Sungura, panya wa dawa na wasio wa dawa walikuwa na presha ileile ya juu.

"Umenitishia watoto wangu!" Mama Panya akamjia juu.

"Mimi? Nimewaimbia mpaka koo limekauka!"

"Si ndiyo hiyo sasa!"

Watu wakaangua kicheko, na daktari naye alitamani sana kuamini hivyo. Lakini alikuwa mtu asiyeweza kujidanganya kwa muda mrefu. Alitafuta vipimo vidogo, kila kimoja kama punje ya haragwe, vya kupandikizwa ndani ya mwili wa panya. Vinatuma namba vyenyewe wakati panya yuko zake kizimbani, chumba kimefungwa, hakuna mrija wala mkono wa mtu. Panya wapya wakapandikizwa, dawa ikaanza upya. Asubuhi Mama Panya aliendelea kuwapima mkiani kama kawaida, na wale wa manjano walishuka vizuri kabisa. Alikuwa na raha zake. Kliniki alikwenda na binti kila mara, akamshika mkono wakati wa kupimwa, akampigisha soga, na presha zote zikatoka nzuri. Tumbo lilikuwa limeshachomoza, hata kwenye cherehani ilibidi binti akae kwa mbali.

Siku moja akiwa kazini alihisi anatazamwa. Daktari alikuwa amesimama nyuma ya kioo cha mlango, na haikuwa mara ya kwanza. Akaingia, akaketi kwenye stuli ya kuoshea chupa.

"Mama, nikuulize kitu, usinifiche. Unajua wepi wanakunywa dawa?"

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Wenyewe. Si maranda yao ya njano?"

Daktari akayatazama maranda. Akavua miwani akajishika kichwa.

"Hao wa njano unakaa nao sana," akasema. "Nimekuwa nikikuangalia. Unawabembeleza mpaka wanasinzia, ndiyo unawapima. Wale wengine unawabeba vizuri, sikatai, lakini ukishawatia mrijani unapima hapohapo."

"Si kweli, daktari. Wote nawapenda sawa."

"Sijasema huwapendi. Vipimo vya ndani vinasema makundi yote mawili yako juu, sawasawa. Dawa haifanyi kitu, mama. Hata protini ya mkojo haikushuka tangu mwanzo, nikajiambia labda ile rangi inaharibu kipimo. Nilitaka iwe kweli, kama ulivyotaka wewe."

"Sasa presha ilishuka vipi?"

"Ni mkono wako."

Panya mmoja alikuwa bado kifuani pake, amefumba macho. Mama Panya akamtazama kama kitu alichokiokota njiani.

"Kwa hiyo mkono wangu unaficha ugonjwa."

"Hapana! Panya aliyetulia ndiye anayepimwa sawasawa. Kosa ni kwamba hawa uliwatuliza kuliko wale. Na kosa hilo ni langu, mimi ndiye niliyekupa kufagia na kupima."

Akamweleza tena, akamchorea hata mchoro juu ya boksi la glavu. Mama Panya aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Hakuelewa. Kilichomwingia na kubaki ni kimoja: panya walikuwa wagonjwa, na yeye aliwashika wakaonekana wazima. Daktari alijibebesha lawama zote mbele ya wenzake, jaribio likafungwa, na panya wakauawa wote, wa manjano na wasio wa manjano. Siku hiyo Mama Panya alishindwa kuwaomba radhi. Aliwatoa kizimbani mmoja mmoja huku machozi yakimdondokea glavuni, na Bwana Sungura akawa anampokea vizimba vitupu.

Kumwambia binti kulimshinda siku moja, kukamshinda ya pili, halafu akapiga moyo konde. Alimkuta akikata uzi kwa meno.

"Ile dawa haikuwa dawa, mwanangu."

Binti akautema uzi. Akalishika tumbo kwa mikono miwili, kama mtu aliyesikia mlango ukibishwa na hajui afungue au asifungue.

"Basi tena," akasema. "Nimeshabeba."

"Nisamehe. Mimi ndiye niliyekutia moyo."

"Nilitaka kutiwa moyo, Mama. Wewe usiniache tu."

Amwache vipi? Lakini tangu siku ile Mama Panya aliiogopa mikono yake. Alikumbuka kliniki zote walizokwenda pamoja, vidole vyake vikikuna kiganja cha binti, na namba nzuri zikiandikwa. Zilikuwa nzuri kweli? Au alimshika akaonekana mzima? Alitaka kumwuliza daktari, akaona aibu. Mtu aliyeharibiwa kazi ya miaka unamrudia vipi na maswali ya nyumbani kwako? Akabaki nalo moyoni, likamla taratibu.

Zamu nyingine ya kliniki ilipofika, binti aliamka uso umejaa na pete haiingii kidoleni. Mkunga aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke mnene mwenye kalamu imechomekwa kwenye nywele, anayemwita kila mtu mama yangu. Akampokea binti kikombe cha mkojo, akakiweka dirishani, akamketisha, akamfunga mpira wa presha mkono wa kushoto. Binti akanyoosha wa kulia kwa mama yake kama walivyozoea.

Mama Panya akarudi nyuma mpaka ukutani, akaibana mikono kwapani.

"Mama?"

"Ngoja ipime kwanza."

"Naogopa."

"Najua, mwanangu. Ngoja kidogo."

Mashine ikanguruma, ikapumua, ikanyamaza. Mkunga akaitazama namba, akaufungua mpira, akauhamishia mkono wa kulia. "Tupime na huku, mama yangu." Sasa binti hakuwa na mkono wa kumnyooshea mtu. Akamtazama mama yake tu, machozi yakimtiririka, na mama akalikodolea macho bango la kunyonyesha lililobandikwa ukutani, ameuma mdomo mpaka akaonja damu. Kila kiungo chake kilitaka kwenda. Alijizuia kwa nguvu zake zote, akiamini anamwokoa. Namba ya pili ikatoka juu kuliko ya kwanza.

"Sijamgusa," akamwambia mkunga. "Umeona? Sijamgusa kabisa. Ni namba ya kweli hiyo?"

Mkunga hakumwelewa. Alikuwa ameshachovya kijiti kwenye kikombe cha dirishani, na kijiti kikabadilika kuwa kijani iliyokolea.

"Umguse usimguse, mama yangu, mkojo hauna woga," akasema. "Protini imejaa. Huu ni ugonjwa wenyewe, na leo harudi nyumbani." Akafungua mlango akaita kiti cha magurudumu, kisha akageuka. "Mbona umesimama huko? Mshike mwanao basi, huoni anavyotetemeka?"

Mama Panya akaenda. Akauchukua ule mkono kwa mikono yake miwili, akaanza kuukuna kiganjani kwa kidole gumba, taratibu, akamsemesha habari za jirani na ukuta wake. Mkono ulikuwa wa baridi. Ulilala tu mikononi mwake, wala vidole havikujifumba.

"Ulikuwa wapi, Mama?" binti akauliza.

"Nilikuwa hapa."

Binti akaugeuzia uso ukuta. Kiti cha magurudumu kikaletwa, wakamketisha, wakamsukuma kuelekea wodini, na Mama Panya akawafuata nyuma amebeba mkoba wa binti.